Mapitio ya msimbo: ukali au upole? Tunaandika mwongozo wa wachangiaji

nanga_tatu

Habari za kazi wakuu.

Tuko wanne tunaosimamia maktaba ndogo ya programu huria, ya kusoma ujumbe wa malipo ya simu na kugawa fedha kwenye akaunti. Viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, vimeanza kuja kutoka kwa watu tusiowajua, kwa hiyo inabidi tuandike mwongozo: kiraka kiletwe vipi, kipitiwe vipi, na mpitiaji aseme vipi. Hapo pa mwisho ndipo tulipokwama.

Wawili wanashikilia kwamba ubora hulindwa kwa ukali. Mfano wao ni kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux: mwanzilishi wake, Linus Torvalds, amegombeza watu miaka nenda miaka rudi, na kerneli hiyo ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android. Ukianza kubembeleza, wanasema, uchafu unapita. Sisi wawili wengine tunasema mtu anayeleta kiraka chake cha kwanza akikaripiwa, haleti cha pili.

Majibu tunayobishania ni haya. Kiraka kilikuwa kinagawa kiasi cha fedha kwa kutumia float, aina ya namba ya desimali ambayo kompyuta huihifadhi kwa makadirio.

> A: "Huu ni upuuzi. Nani anashika hela kwa float? Kasome kwanza."

> B: "Asante sana kwa mchango mzuri! Labda siku moja tungeangalia namna kiasi kinavyohifadhiwa, ila si mbaya. Tutaangalia."

Naomba msaada kwa mambo matatu. Je, ni kweli matusi ndiyo yaliyoijenga Linux? Mpitiaji aandike nini hasa, neno kwa neno? Na kanuni za maadili zisimamiwe na nani kwenye mradi wa watu wanne?

kerneli_kavu

La kwanza halihitaji kukisia, kwa sababu barua za orodha ya wasanidi wa Linux ziko wazi na yeyote anaweza kuzisoma.

Chukua ile inayotajwa kuliko zote, ya Desemba 2012. Kiraka cha sehemu ya video kilifanya wito wa ioctl (amri ambayo programu humpa kerneli kuhusu kifaa) urudishe namba ya kosa ENOENT. PulseAudio, programu ya sauti, na programu za KDE, mazingira ya dawati, zikaanza kusumbua. Msimamizi wa sehemu hiyo, Mauro Carvalho Chehab, akasema kosa linaonekana kuwa la PulseAudio. Torvalds akamjibu kwa herufi kubwa, akamwamuru anyamaze, na tusi juu yake.

Sasa ipitie ile barua na ufute kila neno linalomhusu mtu. Kinachobaki ni hiki. Programu iliyokuwa inafanya kazi ikiharibika kwa sababu ya kerneli mpya, kosa ni la kerneli, programu haitupiwi lawama. ENOENT maana yake faili au saraka haipo. Ni jibu la njia za faili, halina nafasi kwenye ioctl. Msimamizi wa muda mrefu anatakiwa kuijua kanuni hiyo na kuitetea. Hoja tatu, zote sahihi, na zote zinaingia kwenye mistari sita bila kumvunjia mtu heshima. Tusi halikuleta hoja ya nne. Lilichofanya ni kuzifunika zile tatu: leo watu wengi wanaikumbuka barua ile kwa tusi lake, na wachache wanaweza kukwambia kilichoharibika kilikuwa nini.

Kinachoilinda kerneli ni mpangilio, na mpangilio huo mnaweza kuuiga hata mkiwa wanne. Kila kiraka kina mstari wa Signed-off-by, kwa hiyo kuna mwenye kukibeba. Kuna skripti mbili ndani ya kerneli yenyewe: checkpatch.pl hukagua mtindo kabla mtu hajakiona, na get_maintainer.pl hukwambia kiraka kipelekwe kwa nani. Dirisha la kuunganisha, yaani kipindi cha kupokea mambo mapya, hufunguliwa wiki mbili, kisha zinafuata wiki kama saba za matoleo ya majaribio ambapo hupokelewa marekebisho tu. Na zipo roboti. Roboti ya majaribio ya Intel hujenga viraka vya watu na kumtumia mwenyewe barua: kimeshindwa kujengeka, kwa usanidi huu, kwa kikompaili hiki, fuata amri hizi uone mwenyewe. Hiyo ni habari mbaya kabisa, na inapokelewa bila kinyongo kwa sababu haina dharau ndani yake, ina ushahidi tu. Kila mnachoweza kukikabidhi kwa mashine, kabidhini. Ni ugomvi mmoja uliopungua.

Gharama ya matusi nayo iko kwenye kumbukumbu. Mwaka 2013 Sage Sharp, aliyeandika na kusimamia draiva ya xHCI, ile inayoiwezesha Linux kutumia USB 3.0, aliomba hadharani kwenye orodha ile ile kwamba lugha hiyo ikome. Mwaka 2015 alieleza wazi kwamba ameacha kazi ya kerneli kwa sababu hiyo. Fikiria maana yake: mtu aliyeijua draiva hiyo ya USB ameondoka na ujuzi wake kichwani. Machi 2015 kerneli iliweka waraka mfupi wa kushughulikia migogoro, haukusaidia sana. Tarehe 16 Septemba 2018, kwenye barua ya toleo la majaribio la 4.19-rc4, Torvalds mwenyewe aliomba radhi, akakubali kwamba mashambulizi yake kwa watu hayakuwa ya kitaaluma wala hayakustahili, akajiweka kando. Greg Kroah-Hartman akalimalizia toleo la 4.19 tarehe 22 Oktoba. Wakati huo huo ziliingizwa kanuni za maadili zilizotokana na Contributor Covenant toleo la 1.4, kiolezo cha kanuni za maadili za miradi huria.

Waliosema kerneli itaoza waangalie tarehe. Toleo la 4.20 lilitoka 23 Desemba 2018, wiki tisa baadaye. Toleo la 5.0 likatoka 3 Machi 2019, wiki kumi. Mwendo ule ule.

Na msidhani amekuwa laini. Agosti 2025 alikataa ombi zima la kuunganisha la sehemu ya RISC-V (aina ya kichakataji), na neno alilotumia halikuwa la kubembeleza. Ila soma sababu. Ya kwanza, limefika mwishoni mwa dirisha la kuunganisha ilhali alishatangaza kwamba anataka maombi yawahi. Ya pili, ndani yake kuna kisaidizi, yaani kipande kidogo cha msimbo chenye jina lake, kinachounda namba ya biti 32 kutoka namba mbili za biti 16, na jina lake halikwambii ipi ni nusu ya juu na ipi ni ya chini. Ukiandika `(a << 16) + b` msomaji anaona mara moja. Ukiandika jina la kisaidizi inabidi akafungue faili jingine. Lile neno kali ningelitoa. Ile sababu ya pili ningeinakili kwenye mwongozo wenu kama mfano wa namna ya kukataa, maana yeyote aliyeisoma hatarudia kosa lile.

sindano_na_uzi

Naongezea swali la pili, ndilo lenye kazi.

Maoni ya mpitiaji yana sehemu nne: mahali, kasoro, madhara, kinachotakiwa. Ikikosekana moja, mchangiaji anabaki kubahatisha. Jibu A lina kasoro tu, tena limeisema kwa njia ya swali la kejeli. Jibu B halina hata moja. Hivi ndivyo ningeandika mimi:

> "malipo.py, mstari wa 48. Kiasi kinahifadhiwa kama float. Kwenye Python 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, kwa hiyo jumla ya mafungu inaweza isilingane na kiasi kilichoingia. Kiasi kiwe namba kamili ya senti. Shilingi 1,000 ni senti 100,000. Kwa watu 3 kila mmoja anapata 33,333 na inabaki senti 1, apewe wa kwanza kwenye orodha. Ongeza jaribio linalohakikisha jumla ya mafungu ni sawa na kiasi cha awali, kwa shilingi 1,000 kwa watu 3 na shilingi 1 kwa watu 7. INAZUIA."

Hakuna hata neno moja la sifa pale, na hakuna linalouma. Mtu akiyasoma maoni hayo saa nne usiku anaweza kufungua faili na kuanza kazi. Huo ndio upole unaomsaidia.

Neno la mwisho, INAZUIA, msilidharau. Wekeni alama nne na kila maoni yabebe moja: INAZUIA, yaani kiraka hakiingii mpaka hili litengenezwe, PENDEKEZO, yaani ni bora ila uamuzi ni wako, SWALI, yaani sijaelewa, nieleze, DOGO, yaani tahajia, jina, nafasi. Mwongozo wa wapitiaji ambao Google imeuweka hadharani unatumia "Nit:" kwa hayo madogo. Bila alama, mchangiaji mgeni huchukulia kila maoni kuwa amri, akiona ishirini anakata tamaa, kumbe yaliyozuia yalikuwa mawili. Mchangiaji mzoefu naye hufanya kinyume, anachukulia yote kuwa ushauri.

Anzeni na kubwa. Kama muundo wenyewe hauwezi kukubaliwa, semeni hilo peke yake na msiandike kitu kingine. Kumwekea mtu maoni thelathini ya nafasi na koma, kisha kumwambia njia yote ni mbovu, ni kumpotezea siku mbili. Na hayo ya nafasi na koma yasiwe ya binadamu kabisa: gofmt kwa Go, Black kwa Python, ziendeshwe na mashine kabla ya mapitio. Ugomvi mwingi wa kwenye viraka huanzia kwenye mtindo, kwa sababu kila mtu ana maoni juu ya mtindo.

Sasa lugha. Kiswahili kina nyenzo nzuri hapa na hatuitumii. Kiambishi cha nafsi kinaamua nani anabeba lawama. "Umevunja jaribio la 7" kinamshika mtu. "Jaribio la 7 linavunjika kwa kiraka hiki" kinashika jaribio na kiraka. "Hukufunga faili" na "faili halifungwi kosa likitokea mstari wa 30" ni habari moja, ila ya pili inakwambia pia ni wapi. Yapo maneno madogo yanayochoma kuliko matusi: "tu" kwenye "si uweke kufuli tu", linalosema jambo ni jepesi na wewe hukuliona, "hata" kwenye "hata hujaijaribu", na "kwa nini hukutumia…", ambayo masikioni mwa wengi ni swali la askari. Badala yake: "Kuna sababu ya kutotumia foleni hapa?" Mara nyingi sababu ipo, na mpitiaji ndiye anayejifunza.

Muda nao ni adabu. Mwongozo huo huo wa Google unataka jibu la kwanza lisizidi siku moja ya kazi. Kwa watu wanne wa kujitolea wekeni siku tatu, mzitimize. Kama hamtafika, andikeni "nimekiona, nitakipitia Jumamosi". Mizunguko ikizidi mitatu bila kuelewana, pigianeni simu, kisha matokeo yaandikwe pale pale kwenye kiraka ili mwingine asirudie mjadala.

jahazi_la_kale

Nakubaliana na mliotangulia, lakini naona jibu B limesamehewa upesi mno. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, hatari kubwa iko upande huo.

Adabu tuliyolelewa nayo inatukataza kusema hapana usoni. Tunasema "tutaangalia", "si mbaya", "panapo majaliwa". Ana kwa ana mtu anasoma uso na sauti, anaelewa kwamba ameambiwa hapana. Kwenye maandishi hana uso wa kusoma. Anabaki anasubiri. Kiraka kinakaa wazi miezi, msimbo wa chini yake unabadilika, kinagongana na mengine, na siku anayoambiwa ukweli kinatakiwa kuandikwa upya. Huyo ameumizwa zaidi ya yule aliyepewa jibu A, ingawa hakuna aliyemtukana.

Kwa hiyo kwenye mwongozo wenu pigeni marufuku "tutaangalia" kama mnavyopiga marufuku tusi. Kila kiraka kipate moja ya majibu matatu: kimekubaliwa, kitakubaliwa yakitengenezwa haya, hakitakubaliwa, kwa sababu hii. Hilo la tatu liandikwe siku ile ile linapojulikana. "Hatutachukua kipengele hiki. Maktaba haitumi ujumbe, inausoma tu, na kuongeza kutuma kungetulazimu kushika nywila za watumiaji. Ukitaka kitenge kama kifurushi cha peke yake, tutakiunganisha kwenye ukurasa wetu." Mtu atasikitika jioni moja, kesho yake anajua la kufanya.

Upande wa mchangiaji pia uandikwe, maana huko mnakotaja, kwenye orodha za kerneli, watu wetu huumia kwa mambo ambayo si ukali hata kidogo. Jibu la neno moja, "Applied" (kimeingizwa), ni habari njema. "NAK" maana yake napinga, sio nakuchukia. Anayeandika hivyo ana barua mamia kwenye sanduku lake. Ukimya wa wiki moja ni wa kawaida, na maelekezo ya kerneli yenyewe yanasema subiri angalau wiki kabla ya kukumbusha. Orodha ya mtandao, netdev, inataka saa 24 zipite kati ya toleo moja la kiraka na jingine. Ukileta v2, v3 na v4, yaani toleo la pili, la tatu na la nne, mchana mmoja unaonekana husomi maoni, na ukali unaofuata umeuchokoza.

Salamu iwe mstari mmoja, haja ianze mstari wa pili. Barua iwe maandishi matupu bila HTML. Nukuu kipande unachokijibu, ujibu chini yake, mengine ufute. Ukileta v2, andika chini ya mstari wa vistari vitatu (---) ulio ndani ya barua ya kiraka kilichobadilika tangu v1, na utaje kila maoni uliyoyapokea: hili nimelitengeneza, hili sikulifanya kwa sababu hii. Kuruka maoni kimyakimya ndiko kunakowachosha wapitiaji kuliko kosa lolote la msimbo.

Na ukijibiwa kwa ukali wa kweli? Usijibu saa ile. Fungua karatasi pembeni, uandike hoja za kiufundi zilizomo peke yake, kama kerneli_kavu alivyofanya na ile barua ya 2012. Jibu hizo. Yanayohusu nafsi yako usiyajibu kwenye kiraka. Yapeleke kwa wanaosimamia kanuni za maadili, pamoja na kiungo cha ujumbe. Ukiyajibu hadharani, uzi mzima utageuka kuwa wa maneno yako na yake, na kiraka kitasahauliwa.

kufuli_mbili

Mmezungumzia ukali wa msimamizi kwa mchangiaji. Upo ukali unaotoka nje kwenda kwa msimamizi, na huo mwongozo wenu unatakiwa kuukinga kwa nguvu zote, kwa sababu umeshatumika kama silaha.

Maktaba ya xz, ya kubana data, ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin. Mwaka 2022 akaunti zilizojiita Jigar Kumar na Dennis Ens zilianza kumsonga kwenye orodha ya barua: viraka vinachelewa, mradi umekufa, toa usimamizi kwa mwingine. Collin akajibu kwa upole kwamba ana matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Hawakuacha. Pembeni alikuwepo aliyejiita Jia Tan, mwenye adabu, viraka safi, tayari kusaidia. Akapewa ufunguo, yaani haki ya kuunganisha na kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake, ukilenga kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliugundua na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024, baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Ulipewa namba ya kasoro za usalama CVE-2024-3094.

Angalieni mgawanyo wa kazi pale: wawili wakali, mmoja mpole. Ukali ulimchosha mlinzi, upole ukachukua funguo. Ndiyo maana sauti ya mtu, kali au tamu, isiwe kigezo cha kumpa mamlaka. Andikeni hivi: haki ya kuunganisha hutolewa na wasimamizi wawili kwa maandishi, na ombi lolote la kuharakisha linalokuja na shinikizo kutoka akaunti isiyo na historia ya kazi halijibiwi, linafungwa.

Uchovu huo huwapata hata wenye jina kubwa. Guido van Rossum, aliyeiunda Python, alijiuzulu uongozi wake tarehe 12 Julai 2018, muda mfupi baada ya kuipitisha PEP 572, pendekezo la kuongeza alama ya `:=` kwenye lugha hiyo, na alisema wazi hataki tena kupigania pendekezo kiasi kile na kuona watu wengi wakiuchukia uamuzi wake. Kufunga mjadala uliokwisha toa hoja zote ni kazi halali ya msimamizi. Mwongozo umpe haki hiyo waziwazi: "Hoja zote zimesikika, uamuzi ni huu, uzi unafungwa, utafunguliwa ukija ushahidi mpya."

Swali la tatu, nani asimamie. Mkiwa wanne, chagueni wawili, na mmoja wao ikiwezekana asiwe mpitiaji wa kila siku. Anayelalamikiwa hakai kwenye uamuzi. Malalamiko yawe na anwani ya barua pepe ya peke yake, si fomu ya hadharani. Hatua ziwe na mipaka inayojulikana. Mfano upo kwenye kerneli: Novemba 2024 kamati ya kanuni za maadili, kwa idhini ya bodi ya ushauri wa kiufundi, ilimzuia Kent Overstreet wa mfumo wa faili wa bcachefs kwa mzunguko mmoja wa toleo, wa 6.13, maombi yake ya kuunganisha yasipokelewe katika kipindi hicho, kutokana na ujumbe aliomwandikia msanidi mwenzake. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, ila adhabu ilikuwa na mwanzo, mwisho, na kitu mahususi kilichozuiwa. "Tumekuonya, jirekebishe" haina kimoja kati ya hivyo.

Waraka wenyewe uwe mfupi. Contributor Covenant ni tayari, mnaweza kuichukua. Kazi kubwa ni yale majina mawili na ile anwani.

nanga_tatu

Shukrani sana wakuu, mmetufungua macho wote wanne. Nimeandika rasimu ya sehemu ya mapitio, naomba mnisahihishie:

> "1. Roboti hukagua mtindo na majaribio kwanza. Kiraka kikifeli hapo, hakipitiwi na mtu.
> 2. Mpitiaji hujibu ndani ya siku tatu.
> 3. Kila maoni hutaja mahali, kasoro, madhara na kinachotakiwa, na hubeba alama: INAZUIA, PENDEKEZO, SWALI au DOGO.
> 4. Maoni huhusu msimbo. Maneno juu ya akili, bidii au elimu ya mtu hufutwa.
> 5. Jibu la mwisho ni moja kati ya matatu: kimekubaliwa, kitakubaliwa kikitengenezwa, hakitakubaliwa kwa sababu iliyoandikwa."

sindano_na_uzi

Namba 1 ongeza kwamba ujumbe wa roboti uonyeshe amri ya kurudia kosa kwenye kompyuta ya mchangiaji mwenyewe, mfano `black --check .` au `pytest tests/test_mafungu.py`. Roboti inayosema "imefeli" bila amri ni jibu A lililoandikwa na mashine.

Namba 4 usiseme "hufutwa" peke yake. Ukifuta ujumbe wote, na hoja ya kiufundi iliyokuwa ndani inapotea, na hapo wale wenzako wawili watakuwa na haki ya kulalamika. Sema: "mwandishi huombwa aandike upya hoja yake bila maneno hayo, asipofanya hivyo ndani ya siku moja, msimamizi huihamisha hoja hiyo kwa maneno yake mwenyewe na kuficha ujumbe wa awali."

Namba 5 ongeza tarehe. Kiraka cha "kitakubaliwa kikitengenezwa" kisipoguswa siku 30, kinafungwa na maelezo kwamba kinaweza kufunguliwa tena wakati wowote.

Namba 2 na 3 ziache zilivyo. Kiungo cha mwongozo kiwekeni ndani ya kiolezo cha ombi la kuunganisha, siyo kwenye README peke yake. Kiolezo ndicho kinachofunguka mbele ya kila anayeleta kiraka.